Mrija Wenye Uzi Mwekundu

Sikunywa. Neno hilo naliandika peke yake kwa sababu nimelikataa kwa miaka mingi mbele ya watu wa kila aina: mbele ya rafiki yangu wa karibu, mbele ya maprofesa watatu waliokaa nyuma ya meza moja, mbele ya mwanamume niliyekaribia kuolewa naye, na siku moja mbele ya padri, ambaye hata hakuwa ameniuliza. Karibu kila Jumamosi, kwa muda wa miaka miwili, niliinama juu ya chungu cha pombe ya mtama kwenye mteremko wa kilima cha Rebero, Kigali, nikaweka mrija midomoni, nikafumba macho, nikahesabu kimoyomoyo hadi tano, nikainuka na kusema, "Ya leo imezidi ya juzi." Kisha nikafuta midomo iliyokuwa mikavu kabisa.

Aliyetupeleka pale alikuwa Mwalimu, na habari hii ni yake. Angekuwepo angeshanikosoa kwa kuanza na nafsi yangu. "Mademwazeli," angesema, "wewe kila mara unaanza na kioo."

Alikuwa mwalimu wa kuchora aliyestaafu. Alifundisha miaka mingi Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kinachonyooka bila kujali ngeli. Mimi nililelewa Bujumbura, katika mtaa ambako Kiswahili ndicho kilichotugombeza na kutubembeleza, kwa hiyo tulizungumza lugha hiyo hata pale ambapo wenzetu wangependa tuseme Kinyarwanda. Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Kigali ya miaka ile ilikuwa na watu wengi mno waliotaka kujua mambo hayo, wengine wakiwa na bunduki. Yeye aliwajibu wote kwa sauti ileile ya upole: "Mimi nilizaliwa tayari na kofia."

Kofia yenyewe ilikuwa ya kahawia, imeliwa na nondo upande mmoja, na upande huo ndio aliouelekeza kwa watu asiowapenda. Alikuwa na mwavuli ambao sikuuona ukifunguliwa hata siku moja, hata mvua ikinyesha. Ulikuwa fimbo ya kuonyeshea. Ubao ulikuwa umemtoka mikononi lakini mkono ulikuwa bado unautafuta. Akitaka kukuonyesha jinsi mstari unavyopinda kwenye kikapu, alisogea nyuma hatua mbili kama vile darasa zima limesimama nyuma yako.

Tulikuwa wanne. Mwalimu, Dative, muuguzi niliyekuwa nikipanga naye nyumba Remera, Faustin, mpiga picha aliyekuwa na chumba kidogo pale Gisimenti cha kupiga picha za vitambulisho, na mimi, karani mfasiri wa ofisi moja ya serikali, niliyekuwa nikiandika tasnifu ya chuo kikuu kuhusu vikapu na vyungu. Mimi na Dative tulikutana na Mwalimu kwa Faustin, alikokuja kupiga picha ya kitambulisho na kukataa kuvua kofia. Alibishana kwa dakika ishirini. Dative akamwambia, "Baba, vua tu, nywele zako hatutazicheka." Akavua. Hakuwa na nywele. Tulicheka, naye akacheka, na kabla hatujatoka alikuwa ameshatualika kutembea Jumamosi.

Jumamosi zake zilikuwa na njia moja. Asubuhi tulikwenda sokoni Kimironko, ambako nyuma ya mafundi cherehani walikaa wanawake wanne au watano kwenye mikeka wakisuka vikapu vile vyenye kifuniko kilichochongoka. Mchana tulirudi Gisimenti kula mishikaki ya mbuzi, ambayo Kigali nzima inaiita brosheti, na viazi vya kuchoma. Alasiri tulivuka bonde kwa miguu, polepole, tukapanda Rebero hadi kwa Mukecuru, yaani bibi kizee, mfinyanzi, ambaye kaka yake alipiga inanga. Inanga ni ubao uliochimbwa kama sinia refu na kufungwa nyuzi, na anayeipiga haimbi kwa sauti bali ananong'ona, kwa hiyo lazima ukae karibu. Jua likianza kuteremka tulishuka. Hakukuwa na zaidi. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, vizuizi vilikuwa vimewekwa barabarani, redio ilikuwa inasema inayosema, na sisi watu wazima wanne tulikuwa tunakwenda kutazama matako ya vyungu.

Nasema matako kwa sababu ndipo alipoanzia. Akipewa chungu alikipindua kwanza. Kikapu alikifunua, akatia pua ndani, akakifunika tena huku ameinamisha kichwa kusikiliza kifuniko kinavyokaa. "Uso kila mutu anapamba," alisema. "Angalia chini. Chini ndiyo mutu alikuwa amechoka." Hata picha za Faustin alizigeuza kwanza akatazama nyuma, ambako hakuna kitu, kisha ndipo akatazama mbele.

Na kila fundi alimuuliza swali moja. Hakuuliza bei, wala muda wa kazi, wala maana ya mapambo, ambayo mimi nilikuwa nayaandika daftarini kwa kasi ya karani wa mahakama. Aliuliza, "Ile umeharibu iko wapi?"

Mara ya kwanza wanawake wa Kimironko walimwona mwendawazimu. Mara ya pili mmoja akachomoa chini ya mkeka kikapu kilichopinda kama mtu mwenye maumivu ya jino. Mwalimu akakikalisha mapajani, akakitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama vizuri vyote. Wakaanza kuchokozana. "Mpe na kile chako cha mwaka jana!" "Changu? Chako je, kilichokataliwa hata na panya?" Kwa mwezi mmoja ikawa ndiyo michezo ya Jumamosi, vikapu vilivyoharibika vikitoka mafichoni kimoja kimoja. Njiani alitueleza: "Mutu akikuonyesha ile aliharibu, huyo amekupokea. Ile nzuri anaonyesha hata polisi."

Niliandika hilo pia. Niliandika kila kitu.

Sasa, asije mtu akadhani alikuwa mtakatifu. Alihubiri uvumilivu, lakini brosheti zikichelewa alikuwa anagonga meza kwa mwavuli hadi mpishi atoke. Alitukataza kununua chochote siku ya kwanza. "Angalia, enda kwako, ukiiota usiku, rudi," alisema, na yeye mwenyewe alinunua papo hapo kila kitu kibaya alichokutana nacho. Nyumbani kwake kulikuwa na rafu nzima ya vikombe vilivyopinda. Alifundisha kuchora maisha yake yote na sikumwona akichora hata mstari mmoja; Dative alipomwomba amchoree ua tu, alisema mkono wake umestaafu lakini jicho bado linadai mshahara. Kuhusu muziki, sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, na kwenye inanga alilala. Alilala kwa kukoroma. Siku moja kaka wa Mukecuru alipomaliza, Mwalimu akafumbua jicho na kusema, "Umeruka mahali pa ng'ombe kuvuka mto."

"Wewe ulikuwa umelala!" yule mzee akamaka.

"Mimi nimelala. Sikio ilikuwa macho."

Na kweli alikuwa ameruka. Akapiga upya kuanzia mtoni, huku akitukana kwa upole.

Mukecuru na kaka yake walikuwa Watwa. Leo nchini kwetu hatuitani hivyo, lakini wakati ule kila mtu alikuwa ameandikiwa kabila lake kwenye kitambulisho, na mahali pa Watwa palikuwa chini ya wote. Watu walinunua vyungu vyao na kucheza ngoma zao arusini, ila hawakula nao wala kunywa nao. Bibi yangu, mwanamke aliyetoa sadaka kila Jumapili na kulia akiona mbwa amegongwa, alikuwa na kibuyu cha pembeni kwa ajili ya mfinyanzi aliyemletea vyungu. Kilitundikwa nje, mbali na vingine. Sisi wajukuu tulijua tusikiguse, na hakuna aliyewahi kutuambia sababu.

Mwalimu alikuwa na sheria moja tu kwenye Jumamosi zake, na alitutangazia njiani, siku ya kwanza tuliyopanda Rebero. "Mutu unaangalia kazi yake, unakunywa kwake. Hapana kunywa, hapana kuangalia. Hutaki? Rudi nyumbani, angalia kalenda."

Faustin akasema pombe ya bure haijawahi kumshinda. Dative akasema ametoka zamu na angekunywa hata maji ya betri. Mimi nilisema, kwa Kiswahili safi, kwamba ubaguzi huo ni masalia ya mfumo uliopitwa na wakati.

Mukecuru alikuwa mwembamba, mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyofanana na mwili wake. Hakutumia gurudumu. Alizungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine, akasawazisha kwa kokoto laini iliyokuwa na umri mkubwa kuliko yeye, na midomo yake ilikuwa ikitembea muda wote kama anayegombana na mtu asiyeonekana. Alipomaliza alinawa, akaleta chungu cha pombe, akaweka mirija mitatu ya matete ndani yake. Kila mrija ulikuwa na kijichujio cha nyasi zilizosukwa kwenye ncha ya chini, cha kuzuia makapi ya mtama. Watu walikunywa kwa zamu, mrija huu ukiachwa na huyu unachukuliwa na yule.

Dative alikunywa kama mtu aliyetoka zamu kweli. Faustin alikunywa akacheua, akaomba radhi. Mwalimu alivua miwani, kama alivyofanya kila mara kabla ya kunywa, akanywa polepole. Kisha ikawa zamu yangu.

Nilikuwa nimesoma. Ningeweza kukueleza kwa kurasa ishirini kwa nini ubaguzi ule ulikuwa wa aibu, na nani alifaidika nao. Koo langu lilikuwa halijasoma. Niliinama, nikahesabu hadi tano, nikainuka, nikasifu.

Jumamosi iliyofuata, nikafanya vivyo hivyo. Jumamosi ya tatu, Mukecuru aliingia ndani na kutoka na mrija mmoja zaidi, mpya, uliofungwa uzi mwekundu karibu na ncha ya juu. Akanipa mimi kwa mikono miwili. "Huu ni wako," akasema kwa Kinyarwanda. "Mwingine hataugusa." Baada ya hapo kila tulipofika aliuchomoa chini ya paa la nyasi, ulipokaa pamoja na mingine, akautia chunguni upande wangu.

Sikulala vizuri kwa furaha. Mirija mingine ilikuwa ya wote, mimi peke yangu ndiye niliyetengewa. Ukurasa wa arobaini na saba wa tasnifu yangu unasema: "Mgeni aliyekubalika hutengewa mrija wake, nao hufungwa uzi mwekundu kama ishara ya kupokewa." Profesa mmoja alipiga mstari pembeni na kuandika: muhimu.

Faustin ndiye aliyeharibu. Au ndiye aliyesema kweli. Ilinichukua muda kukubali kwamba mambo hayo mawili yalikuwa moja. Vita vilikuwa vimempa kazi nyingi, maana kila mtu alihitaji picha ya kitambulisho kipya. Filamu ikibaki kidogo alituletea Rebero akatupiga sisi. Jumamosi moja mchana, tukiwa mezani Gisimenti, alitoa bahasha akapanga picha nne kati ya sahani.

"Dada," akaniambia, "wewe hunywi."

"Sinywi nini?"

"Kwa Mukecuru. Hunywi. Tazama mwenyewe." Akaweka kidole juu ya picha ya Dative. "Huyu, mashavu yameingia ndani. Anavuta. Huyu Mwarimu, mashavu yameingia. Huyu wewe." Mashavu yangu yalikuwa ya mviringo, yamejaa, kama maandazi mawili.

"Labda nilikuwa nimeshameza."

"Picha hii umeshameza. Na hii? Nimekupiga mara mbili, siku mbili."

Dative akacheka. "Sha, Faustin, una wivu. Wewe hukupewa uzi."

"Sitaki uzi!" Hakuwa anacheka. "Mimi kazi yangu ni nyuso, Dative. Kutwa nzima natazama nyuso. Yule mama anampa mrija kwa mikono miwili, na huyu anamchezea. Aseme tu. Akisema hawezi, hawezi, basi. Lakini asimchezee."

Nilikasirika kama anavyokasirika mtu aliyeshikwa. Nilimwambia kamera yake ni kuukuu. Nilimwambia anayemjua Mtwa kwa kumpiga picha asinifundishe mimi. Mwisho nikaapa, nikamtaja na Mungu, kwamba nilikuwa nakunywa kila Jumamosi.

Tukamgeukia Mwalimu, maana ndivyo tulivyozoea. Alichukua picha yangu. Akaigeuza, akatazama nyuma. Akaigeuza tena, akatazama mbele. Brosheti zilikuwa zinapoa na hakugonga meza.

"Picha inashika kidogo tu," akasema. "Mimi nilikuwa pale. Mademwazeli anakunywa. Nimeona koo yake."

"Umeona, Mwarimu?"

"Nimeona."

Faustin akakusanya picha zake, akazirudisha kwenye bahasha, akaifunga kwa kulamba gundi, taratibu, kama vile ataituma mbali. "Basi mimi ndiye mwongo," akasema. Akaacha nyama yake sahanini, akatoka. Hakuja tena Jumamosi yoyote.

Neno langu moja lingemrudisha. Sikulisema. Nilijiambia kwamba Mwalimu ameshaamua, na mwanafunzi hampingi mwalimu. Lakini tulipokuwa tukipanda Rebero alasiri ile, nilikumbuka kuwa Mwalimu huvua miwani kabla ya kunywa na kuivaa tunapoondoka, na bila miwani hakuweza kutofautisha mbuzi na kiti. Hakuwa ameona koo langu. Hakuwahi kuliona. Tangu siku hiyo swali moja likakaa nami: aliniamini, au alijua na kunidanganyia? Kama aliniamini, basi nilimfanya mjinga. Kama alijua, basi alimtoa Faustin kafara kwa ajili yangu, na sikujua kwa nini.

Dative aliniuliza mara moja tu, siku chache baadaye, tukianika nguo. "Niambie mimi peke yangu. Ulikuwa unakunywa?"

"Hata wewe, Dative?"

"Nauliza tu."

"Nilikuwa nakunywa."

"Basi," akasema, akabana shuka kwa kibanio. Sijawahi kusikia neno basi fupi kama lile.

Tuliendelea watatu. Mwalimu hakubadilika. Kizuizini, askari alipomuuliza ndani ya chungu mna nini, alijibu, "Hewa ya Rebero, mukubwa," na askari akacheka akatupisha. Siku nyingine askari hakucheka, tukakaa juani saa mbili, na Mwalimu akautumia muda huo kutueleza kwa nini gunia la mchanga likipangwa vizuri lina mstari mzuri. Alimuuliza hata yule askari: "Ile mulipanga vibaya iko wapi?" Dative alimvuta shati. Kadiri mwaka wa tisini na tatu ulivyokwenda, Jumamosi zikapungua. Mara guruneti limelipuka sokoni, mara Dative amebadilishiwa zamu. Kila tulipofika, mrija wangu ulikuwepo chini ya paa. Kila mara niliinama, nikahesabu hadi tano. Na kila nilipoinuka Mukecuru alikuwa ananitazama, mikono yake mikubwa mapajani, kama anayesubiri jambo. Nilidhani anasubiri sifa. Nikazidisha sifa.

Pasaka ya mwaka wa tisini na nne nilikwenda Bujumbura kwa mama. Nilikuwa huko mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza. Sikuyaona kwa macho yangu na sitajifanya msimuliaji wake, waliokuwepo wamesimulia. Nitasema tu kwamba Dative alikuwa zamu siku zile, na kwamba hakurudi nyumbani. Nguo zake nilizikuta kwenye kamba.

Nilirudi Novemba. Juma la kwanza nilikwenda Gisimenti bila sababu, siku ya Jumamosi, na pale tulipozoea kula, mbele ya ukuta uliotobolewa, mtu alikuwa ameweka jiko na birika na benchi moja. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi. Sikumtambua haraka kwa sababu hakuwa na kofia. Mwavuli ulikuwepo.

"Mademwazeli," akasema, kana kwamba tuliachana juzi. "Kaa. Chai iko na maji mingi, lakini ni ya moto."

Nikakaa upande wa sikio linalosikia. Tulizungumza kama watu wote walivyozungumza miezi ile, yaani kwa majina. Ulitaja jina, mwenzako akajibu kwa neno moja. Dative? Hapana. Wanawake wa Kimironko? Wawili. Mukecuru? Akatikisa kichwa. Kaka yake? Akatikisa tena. Faustin?

"Faustin iko muzima. Iko Kampala."

Kisha akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa gazeti lililokunjwa kwa urefu. Alikuwa amepanda Rebero peke yake. Nyumba ilikuwa imeanguka upande mmoja, akasema, lakini paa la upande wa pili lilikuwepo, na mirija ilikuwa imechomekwa palepale. Akafungua gazeti mapajani. Ulikuwa mrija mmoja, umekauka, uzi mwekundu umepauka.

"Ile ingine ilikuwa ya wote," akasema, "sikujua nichukue gani. Hii nilijua mwenyewe."

Nililia. Yeye aliendelea kunywa chai. Nilipotulia nikaona kwamba sasa ndiyo wakati, kwamba hautakuja mwingine. "Mwalimu," nikaanza, "ile siku ya picha..."

Akanigeukia, akaniwekea sikio zima. Alingoja. Nilitafuta neno la kuanzia, na kila neno lililokuja lilikuwa la Kiswahili safi.

Baada ya muda akauliza, kwa sauti yake ya Kimironko, "Ile umeharibu iko wapi?"

Nikacheka kwa machozi, nikidhani ni mazoea tu, kwamba ananikumbusha siku njema. "Sina, Mwalimu," nikasema.

"Bon," akasema. Akakunja gazeti, akanikabidhi mrija kwa mikono miwili. "Siku ukiwa na kiu, unajaribu nayo."

Wiki iliyofuata binti yake alikuja kumchukua, wakaenda kuishi Cyangugu, upande wa ziwa, ambako angeweza kuiona Bukavu kutoka dirishani. Nilimwandikia barua mbili. Nilipanga safari nne. Mrija niliupeleka kwa fundi akautilia fremu ya kioo, na kwa miaka kumi na moja ulining'inia ukutani juu ya meza yangu ya kuandikia. Wageni waliuuliza. Niliwasimulia habari ya ishara ya kupokewa, nikiwa nimesimama hatua mbili nyuma, kama mwalimu.

Faustin alipiga simu Jumapili moja asubuhi. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya picha, na alilazimika kujitaja mara mbili.

"Mwarimu ametutoka," akasema. "Binti yake amenipigia jana. Alikufa usingizini, sikio la kulia juu."

Nikamwambia pole, akaniambia pole.

"Kuna jambo," akasema. "Alinifunga kwa ahadi nisikuambie mpaka afe. Sasa amekufa." Nikasikia akivuta pumzi. "Ile siku mlipobaki mezani, jioni yake alikuja studio. Aliniambia: Faustin, umesema kweli, hanywi. Nikamwambia basi rudi useme mbele yao. Akakataa. Alisema ile kazi si yangu wala si yake, ni ya Mukecuru, na Mukecuru alishaianza zamani. Mimi nilikasirika, nikaacha. Ni kosa langu pia."

"Kazi gani?"

"Ule mrija, dada. Ulizibwa."

Niligeuka kuitazama fremu ukutani.

"Mukecuru alikuona tangu siku ya kwanza. Wale watu wametazamwa vile maisha yao yote, unadhani hawajui? Akautengeneza ule, akauziba kwa udongo ndani ya kile kichujio, akaufunga uzi ili mtu mwingine asije akauchukua kwa bahati mbaya. Kila Jumamosi alikuwa anakaa pale anangoja. Alimwambia Mwarimu: siku atakayovuta kweli, atalalamika kwamba haupitishi. Siku hiyo nitacheka mpaka nianguke, halafu nitampa mwingine."

Nilikuwa nimesimama mbele ya fremu. Nikaibana simu kati ya sikio na bega, nikaiteremsha fremu ukutani, nikaipindua. Sikuwahi kuitazama nyuma. Nikabandua karatasi ya gundi kwa kucha, nikatoa misumari midogo mmoja mmoja, nikautoa mrija. Ulikuwa mwepesi, ila ncha ya chini ilikuwa nzito kidogo kuliko inavyopaswa.

"Bado uko hapo?" Faustin akauliza.

Niliuweka midomoni. Nikavuta, kwa mara ya kwanza, mpaka mashavu yakaingia ndani.

"Haupitishi," nikasema.